Meno ya Dubu

Siku ile mjinga alikuwa Lyle Brubaker. Tuliseme mapema, maana ukumbini walikuwamo wengine wengi waliokistahili cheo hicho, na mmoja wao alikuwa daktari. Lakini Lyle aliwapita wote, akakitwaa bila kupingwa. Mwenyewe hakatai. Ukimkuta kwa kinyozi leo atakusimulia kisa chote, na ukianza kumhurumia atakuzuia kwa mkono: "Ngoja kwanza. Bado sijafika pale nilipokuwa mpumbavu zaidi."

Ilikuwa Jumamosi, na msimu wa kulungu ulikuwa unafunguliwa Jumatatu. Katika milima yetu ya Pennsylvania, Jumatatu hiyo shule hufungwa, kiwanda cha mbao hakipigi king'ora, na mtu aliyefanya kosa la kufa wikiendi hiyo husubiri katikati ya wiki ndipo azikwe, kwa kuwa wachimba kaburi wako msituni. Katika ukumbi wa zimamoto, magari mekundu yalikuwa yametolewa nje yakanyeshewe theluji, na ndani zimepangwa meza za bunduki, visu, kofia za rangi ya chungwa na soseji.

Meza ya Lyle ilikuwa pembeni, na juu yake bunduki mbili tu. Zote zilikuwa za wenzo, zile ambazo wenyeji wetu huzipenda kuliko wakwe zao: wenzo uko chini ya kiganja, unausukuma mbele, unaurudisha, risasi imeingia nyumbani kwake. Moja ilikuwa mpya, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Ya pili ilikuwa kuukuu, imekwaruzika, imepauka, ina sura ya mzee aliyeona mengi na hataki kuulizwa.

Ukweli ni kwamba zote mbili zilitoka kiwanda kimoja, mwaka mmoja, katika duka moja. Ila ya pili ilikuwa imepitia mafunzo katika gereji ya Lyle: siki ya kuondoa weusi wa chuma, majani ya chai ya kuchosha mti wa kitako, mnyororo wa baiskeli wa kutia makovu, kisha mapumziko marefu ndani ya mbolea ya kuku. "Kuzeesha bunduki kunataka subira," Lyle husema. "Mke wangu alinizeesha mimi kwa muda mfupi zaidi, tena bila siki."

Na kwa nini ajisumbue? Kwa sababu alijua jambo moja kuhusu wanunuzi. Bunduki mpya haijaua kitu. Nani anajua kama itaweza? Iliyotumika ina ukoo. Mtu wa mlimani anaiamini, na mtu wa mjini anaitamani, maana anatafuta babu mwindaji ambaye Mungu hakumpa. Lyle hakuwa muuza bunduki. Alikuwa muuza mababu.

Asubuhi hiyo mlangoni aliingia bwana mmoja mwenye buti ambazo hazijawahi kukutana na tope.

"Otis," Lyle alimnong'oneza jirani yake wa meza, Otis Shupp, muuza soseji. "Zisikilize buti zile zinavyolia. Yule anahitaji babu."

"Mwache, Lyle. Kaja kula soseji."

"Soseji pia atakula. Mimi si mchoyo."

Bwana yule alifika mezani, akajitambulisha kuwa ni Daktari Haldane, tabibu wa meno kutoka Philadelphia. "Natafuta bunduki ya wenzo," alisema. "Nimeshindwa kuamua: nichukue mpya au iliyotumika?"

"Mpya," Lyle alijibu bila kupepesa jicho. "Chukua hii, daktari. Ina dhamana, haina mkwaruzo, haijui dhambi."

"Na hiyo nyingine?"

Lyle aliivutia kwake kama mtu anayeficha kipande cha mwisho cha nyama. "Hii? Hii haiuzwi."

"Kama haiuzwi, imefuata nini mezani?"

"Nikiiacha nyumbani peke yake inasononeka."

Daktari alicheka, lakini macho yake hayakutoka pale. Akaomba aishike tu. Lyle akakataa. Akaomba tena. Lyle akakubali shingo upande, na wakati daktari anaushika wenzo, akaanza kumsimulia habari za mtega wanyama wa Montana, dhoruba ya theluji, na nyumbu mwaminifu aliyemvuta mwenye bunduki hii kwa kola hadi kwenye moto. Hadithi zote za Lyle zilikuwa na dhoruba ya theluji na nyumbu. Nyumbu mwenyewe hakuwahi kumgusa maishani, ila aligundua kwamba wateja wanampenda.

Daktari alilipa mara mbili ya bei ya ile mpya, akashukuru kwa mikono miwili, akaenda kula soseji na bunduki yake mapajani.

"Hivi huoni aibu?" Otis aliuliza.

"Naiona," Lyle alisema. "Tunasalimiana kila siku." Akainama chini ya meza, akatoa babu mwingine, akamlaza mahali pa yule aliyeondoka.

Hapo ndipo alipokuja Bi. Arlene Zubrick.

Alikuwa mwanamke mfupi, mjane, aliyevaa koti jeusi na kofia ya kiume yenye masikio, na kifuani amekumbatia kitu kirefu kilichofungwa ndani ya blanketi la viraka. Alikuwa akiishi upande wa pili wa mlima. Lyle alimfahamu kwa sura tu, kama anavyofahamika kila mtu anayepeleka mikate kwenye kambi za wawindaji.

"Wewe ndiye Brubaker?"

"Kwa mema ndiye mimi, mama. Kwa mabaya ni binamu yangu."

"Mjukuu wangu Tess anaingia msituni Jumatatu kwa mara ya kwanza. Nataka ushauri. Nimpe mpya, nimpe iliyotumika, au abaki na hii ya marehemu babu yake?"

Akalifungua blanketi.

Lyle alisahau kutaja bei. Watu wanaomfahamu husema hilo peke yake lingetosha kuwashtua. Bunduki iliyolala pale ilikuwa ya wenzo, na chuma chake kilikuwa na rangi ya kahawia iliyokolea, ile rangi ambayo yeye, kwa siki yote na chai yote na kuku wote wa dunia, hakuwahi kuipata. Maandishi ya juu ya mtutu yalikuwa yamelika. Mti ulikuwa umelainika pale shavu linapolala. Na shingoni, pale kitako kinapokutana na chuma, palikuwa pamezungushiwa ngozi ya ng'ombe iliyoshonwa kwa uzi mnene na kuwa nyeusi kwa jasho la kiganja. Huu haukuwa uzee wa gereji. Huu ulikuwa umri wenyewe.

"Marehemu aliipata wapi?" aliuliza.

"Kwa mtu fulani, sokoni, zamani. Alimwambia ilikuwa ya mchunga ng'ombe wa Wyoming aliyekatika sikio kwa baridi. Eti dhoruba ya theluji ilimkuta mlimani, akaokoka kwa kulala ndani ya tumbo la nyumbu wake aliyekufa."

Macho ya Lyle yalilowa. Hadithi tamu namna hii, aliwaza, haiwezi kuwa ya kutungwa. Ni mwongo gani duniani angefikiria tumbo la nyumbu?

"Na hii ngozi?"

"Aliishona mume wangu. Alisema chini yake kuna kitu hataki kukiona."

Ufa, Lyle alijisemea. Bunduki zote za kale zilizopanda farasi zina ufa pale. Alikuwa akimjua tajiri mmoja wa Pittsburgh anayekusanya vitu kama hivi. Kwa mzigo huu angepata paa jipya la nyumba na pikapu mpya, na angewaaga kuku kwa heshima.

Akakunja uso wa msiba. "Mama yangu, nitakuwa mkweli."

Otis alikohoa kwenye meza ya pili.

"Huo ni ufa," Lyle aliendelea. "Mtoto akifyatua hii, itampasukia usoni. Ichukue hii mpya, tubadilishane, na juu yake nikuongezee kidogo kwa ajili ya kumbukumbu ya marehemu."

Bi. Arlene aliishika ile mpya, akausukuma wenzo. "Mgumu kama mlango wa benki."

"Utalainika."

"Lini?"

"Tess akiolewa, utakuwa siagi."

Mama akaiweka chini, akaichukua ile kuukuu ya mezani, akaisogeza puani. "Inanuka kuku."

"Mwenyewe alikuwa mfugaji, mama."

"Mm." Akaiweka chini pia, akamtazama Lyle. "Na wewe unawinda na ipi?"

"Mimi?"

"Wewe. Hizi unaziuza. Unayoingia nayo msituni ni ipi? Nimepeleka mikate kambini kwa Otis, nimeuona ukuta."

Kila mtu wa kwetu angejua ni ukuta gani. Katika kambi zetu, mwindaji akimkosa kulungu, wenzake humgeuza wakamkata mkia wa shati kwa mkasi, na kile kitambaa hupigiliwa misumari ukutani pamoja na jina lake, wageni wakione na wajukuu wakirithi. Ukuta wa Otis ulikuwa na flaneli za Otis mwenyewe, pamba za mwalimu mkuu, hata kipande cheusi cha mchungaji wa kanisa.

"Cha kwako sikukiona hata kimoja," Bi. Arlene alisema.

"Kweli, mama," Otis aliingilia, mdomo umejaa soseji. "Mashati ya huyu yana mikia yote. Ndiyo maana hatumpendi."

"Basi sitaki mpya, wala sitaki ya kuku. Nataka hiyo unayowindia. Watu wamedanganyika na wewe, lakini kulungu hawajalalamika."

Sasa Lyle alipatikana. Bunduki hiyo ilikuwa nje, nyuma ya kiti cha pikapu, imefungwa ndani ya shuka safi. Aliiita ya baba yake, na alikuwa ameiita hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba Krismasi moja aliitazama akatokwa na machozi. Wenzo wake uliteleza kama samaki majini. Katika nyumba nzima ya Lyle, pamoja na mwenye nyumba, ndicho kitu pekee kilichokuwa kinakwenda sawasawa. Wengi walitaka kuinunua, naye, mtu ambaye angeuza kivuli chake kama kingekaa kwenye mfuko, alikataa. Tena Jumatatu ilikuwa keshokutwa. Aingie msituni na nini? Na babu wa kuku?

"Hiyo, mama... hiyo ni ya marehemu baba yangu."

"Na hii ni ya marehemu mume wangu. Tutalia wote."

"Chukua hizi mbili za mezani! Na pesa!"

Bi. Arlene alianza kulifunga blanketi. "Si kitu, mwanangu. Ngoja nikamuulize yule bwana mwenye buti. Anaonekana anapenda vya zamani."

Waliokuwapo wanasema Lyle hakuwahi kukimbia namna ile, hata siku kuku walipoingia kwenye gereji akiwa anafukua bunduki kwenye mbolea. Alirudi anahema, bunduki ya baba yake mikononi, theluji kwenye nyusi. Na kwa kuogopa mama asije akajuta, akadai mwenyewe kwamba wafuate desturi ya ukumbi. Desturi ni hii: wakibadilishana watu wawili wakapeana mkono mbele ya shahidi, hakuna kurudishiana, hata mvua inyeshe juu chini. Isipokuwa ikithibitika mbele ya watu kwamba kitu ni cha bandia. Hapo kila mmoja huchukua chake, na aliyeifanya hiyo bandia hapewi meza ukumbini tena mpaka siku wanapomzika.

"Otis, tazama," Lyle alisema. "Tunapeana mkono."

"Natazama," Otis alisema. "Leo natazama sana."

Bi. Arlene aliusukuma wenzo wa bunduki ile mara moja, polepole, akausikiliza. Akafumba macho. Kisha akaifunga ndani ya blanketi lile lile la viraka, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Jioni ile Lyle aliketi gerejini kwake na kisu kidogo, akikata uzi wa ile ngozi mshono mmoja mmoja, kama daktari anayemtibu mfalme. Alitaka kuuona ufa ili ajue bei ya kumtajia tajiri wa Pittsburgh. Ngozi ikafunguka.

Ufa haukuwapo. Palikuwa na alama za meno: juu mashimo mawili ya chonge, chini moja tu.

Lyle aliyafahamu meno yale kama anavyofahamu mwandiko wake. Yalikuwa ya Biskuti, mbwa wake, aliyekwishakufa, ambaye chonge yake ya chini ya kushoto ilibaki kwenye baiskeli ya mpeleka barua. Na hapo kumbukumbu ikamrudia yote kwa pamoja, haikumwonea huruma hata kidogo. Miaka ile alipokuwa anaanza kazi, Biskuti aliingia gereji akatafuna bunduki iliyokuwa inazeeshwa. Kuitupa ilikuwa hasara. Kwa hiyo Lyle aliipeleka kwenye soko la wilaya ya jirani, akamwambia bwana mmoja mpole mwenye kofia ya kahawia kwamba hayo ni meno ya dubu wa Wyoming. Na dhoruba. Na nyumbu. Ndiyo, na tumbo la nyumbu. Siku hizo alikuwa bado na kipaji. Bwana yule hakuwa na pesa. Alikuwa na bunduki yake ya kurithi, ambayo baba yake aliinunua ikiwa mpya, wakabadilishana.

Bunduki hiyo Lyle hakuiuza. Ilimkaa mkononi vizuri mno, akaanza kuiita ya baba yake.

Baba yake Lyle, tulisahau kusema, alikuwa akiuza mashine za kufagia mazulia, na mlio wa kizibo cha chupa ulitosha kumpeleka chini ya meza.

Kwa hiyo mzigo wa Pittsburgh ulikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe, iliyokwenda shule ya mvua na theluji kwa bwana mwaminifu na kurudi imehitimu. Alikuwa amejiuzia babu. Mtu mwenye akili angeirudisha ngozi, akaishona, akanyamaza hadi kaburini. Lakini Lyle alifikiria Jumatatu, akafikiria mkasi, akafikiria wenzo ule unaoteleza, na hasira ikamshauri. Dubu akigeuka mbwa, aliwaza, bandia imethibitika, na mali inarudi. Zaidi ya hapo hakuwaza. "Sasa ndipo tumefika," humwambia kinyozi.

Jumapili asubuhi ukumbi ulijaa watu wanaokula chapati za maji zilizomwagiwa sharubati nzito ya utomvu wa mti wa mepo. Bi. Arlene alikuwa akizunguka na birika la sharubati. Lyle aliingia, akaibwaga bunduki juu ya meza ya Otis, uma zikaruka.

"Bi. Arlene, nimedanganywa!"

"Pole, mwanangu. Kaa ule."

"Sili! Bunduki yako ni ya bandia!"

Uma zikasimama hewani. Hata watoto waliacha kulamba vidole.

"Mimi nilikwambia nini?" mama aliuliza.

"Mchunga ng'ombe! Dhoruba! Nyumbu!"

"Nilikwambia ndivyo alivyoambiwa Harvey wangu. Sikuongeza chumvi. Aliambiwa pia kwamba dubu aliitafuna, ila hilo hakupenda litajwe. Aliposhtuka kwamba amechezewa, alizifunika alama kwa ngozi akazishona. Lyle, alikuwa ametoa bunduki ya baba yake. Kila msimu alikuwa akiishika hiyo pale pale penye mshono, na hakumlaumu mtu."

Mtu mwingine hapo angetafuta mlango. Lyle akatafuta shahidi.

"Daktari! Daktari Haldane! Wewe ni mtu wa meno. Njoo uwaambie watu hawa, hili ni jino la dubu?"

Daktari alifuta mikono, akaja na buti zake zikilia, bunduki yake mpya-kuukuu begani. Aliinama, akavaa miwani, akapitisha kidole juu ya mashimo, akayapima kwa ncha ya uma. Ukumbi mzima uliinama pamoja naye.

"Si dubu," alisema. "Huyu ni mbwa. Si mkubwa sana. Na chonge ya chini, kushoto, hana."

"Mmesikia!" Lyle alirukaruka, ngumi juu. "Mbwa! Bandia imethibitika! Mbele ya watu! Nataka bunduki ya baba yangu!"

Hakuna aliyempigia makofi. Otis aliweka uma chini taratibu, akapandisha mguu wa suruali, akalitazama kovu la kwenye shavu la mguu wake: mashimo mawili juu, moja chini. Mpeleka barua, meza ya tatu, alikuwa ameshakunja shati na kuuangalia mkono wake. Mchungaji hakupandisha kitu, kwa heshima ya mahali kovu lake lilipo, lakini alisimama kidogo kutoka kwenye kiti.

"Lyle," Otis alisema kwa sauti ya upole, "kaa chini."

"Sikai! Imethibitika au haikuthibitika?"

"Imethibitika, bwana wee. Ndiyo nakwambia kaa."

Daktari Haldane naye, ambaye hakuwa akielewa mambo ya pale lakini hakuwa mjinga wa kudumu, alikuwa ameishusha bunduki yake begani. Aliitazama kwa muda. Kisha akaisogeza puani, akanusa.

Bi. Arlene alimwekea Lyle sahani mbele, akammiminia sharubati hadi ikafika ukingoni.

"Haya, mwanangu, umeshinda," alisema. "Ni mbwa. Sasa malizia: waambie watu alikuwa mbwa wa nani."